Kabla Hujaukata Mguu wa Kati

Fundi alikuwa ameshapiga mstari wa penseli kwenye mguu wa kati wa stendi, msumeno uko mkononi, nilipomwomba asubiri. Tangi lilikuwa bado juu, limejaa maji hadi shingoni. "Mwalimu, huu ni mguu wa urembo tu," aliniambia. "Tukiutoa utapata nafasi ya kutosha, utakuja kunishukuru." Huenda alisema kweli. Lakini hakuna kati yetu aliyekuwa amepiga hesabu, na mguu ule ulisimama chini ya mzigo unaopita uzito wa fahali wa kienyeji. Tuliweka msumeno chini, chai ikaletwa, tukaanza kupima. Haya ninayoyaandika yametokana na chai ile, na kosa moja nililolifanya baadaye ambalo sitaki limpate mwingine.

Hadithi huwa ni ileile. Mtu amechongewa stendi ya tangi la samaki, imekaa vizuri sebuleni, watoto wa jirani wanakuja kutazama. Mwanzoni anaridhika na kifilta kidogo kinachobandikwa ndani ya kioo. Mwaka ukigeuka samaki wamenenepa, maji yanachafuka upesi, na sasa anataka filta kubwa ya mtungi, au lile tangi la pili la kuchujia ambalo wafugaji huliita sampu, likae kabatini chini lisionekane. Anafungua mlango wa stendi. Anakuta rafu katikati, mguu katikati, na ubao wa nyuma usio na tundu hata moja. Hapo ndipo msumeno unapoitwa.

Stendi nyingi nilizoziona huku Suna, Migori, na nyingine kule Homa Bay, zimechongwa na mafundi wa fanicha, walewale wanaotutengenezea kabati za vyombo na meza za televisheni. Kazi yao ni safi na randa yao imenyooka. Ila kabati la vyombo halijawahi kuulizwa swali ambalo stendi ya tangi huulizwa kila saa, mchana na usiku. Kwa hiyo tuanze na uzito, kwa sababu mengine yote yanautegemea.

Tangi langu lina urefu wa sentimita 120, upana 45 na kimo 50. Zidisha, utapata lita 270, na lita moja ya maji ni kilo moja. Kioo chenyewe, ikiwa ni cha milimita 10, kina kilo 25 kwa kila mita moja ya mraba, na tangi la vipimo hivyo linakula zaidi kidogo ya mita 2 za mraba. Weka kilo 55. Mchanga na mawe kilo 40. Bila shaka hujazi maji hadi ukingoni, na mawe nayo huchukua nafasi ya maji, kwa hiyo uzito halisi utashuka hadi kilo 330 hivi. Mimi hupiga hesabu kwa 370, kana kwamba kila kitu kimejaa, ili nikikosea nikosee upande wa usalama.

Na mzigo huu haupumziki. Mtu mzito akikalia benchi, benchi linapinda, akiinuka linarudi. Maji hayainuki. Mbao iliyobebeshwa mzigo mwaka mzima huendelea kulegea polepole hata kama mzigo haujaongezeka, na ikiwa ilinunuliwa mbichi, kama zilivyo mbao nyingi zinazopakuliwa sokoni zikiwa bado zinanuka utomvu, mpindo wa siku ya kwanza unaweza kukaribia kuwa maradufu baada ya miaka michache. Kioo hakijui kupinda namna hiyo. Chenyewe hupasuka.

Sasa kaa chini sakafuni mbele ya stendi yako, fungua milango, ufuate mzigo kwa kidole. Tangi limekaa juu ya fremu. Fremu imekaa juu ya nini? Swali hili lina majibu mawili na tofauti yake ni kubwa. Kama mbao za fremu zimelala juu ya vichwa vya miguu, mzigo unateremka kwenye mti hadi sakafuni, na mti uliosimama wima una nguvu ajabu. Lakini kama mbao zimepigiliwa ubavuni mwa miguu, basi tangi lako linaning'inia kwenye misumari. Stendi yangu ilikuwa ya aina hii ya pili, na ilikuwa imedumu miaka mitatu. Tulipofungua kona moja tukakuta misumari imeanza kuikata mbao na kuteremka, kiasi cha unene wa sarafu. Dawa yake ni rahisi na haipunguzi nafasi: kata vipande vya mbao, kila kimoja kisimame bega kwa bega na mguu wa kona, kikitoka sakafuni na kuishia chini ya fremu, kimekaza. Kitie gundi na skrubu ili kisihame. Ukifanya hilo peke yake, hata kama hutabadilisha kitu kingine chochote, umeshaifaa stendi yako.

Ukishajua njia ya mzigo, utajua pia kipi hakibebi. Rafu ya katikati kwa kawaida haibebi tangi. Inafunga tu miguu isipanuke, na unaweza kuitoa ikiwa chini kabisa kuna mbao zinazoiunganisha miguu hiyo. Milango haibebi. Droo haibebi.

Ubao wa nyuma nataka kuusemea zaidi, kwa sababu ndio unaoonewa kuliko vyote. Watu wengi wakitaka nafasi ya mipira na nyaya huung'oa wote, kwa kuwa ni plaiwudi nyembamba na unaonekana hauna kazi. Chukua kiberiti, kitoe droo yake, ulibonyeze lile ganda pembeni kwa kidole: linalala chali. Irudishe droo, ujaribu tena. Kazi ya ubao wa nyuma ndiyo hiyo. Haubebi kilo hata moja kuelekea chini, lakini ndio unaoizuia stendi isilale upande mtoto akiiegemea au mtu akigonga kona akipita na kiti. Kwa hiyo utoboe, usiung'oe. Matundu mawili ya upana wa sentimita 6 au 7, upande wa juu, yanatosha mipira ya filta kubwa. Kama lazima ukate dirisha, acha ukingo mpana kuzunguka pande zote, na kwenye kila kona ya nyuma uongeze pembetatu ya plaiwudi nene yenye ubavu wa sentimita 15, iliyokazwa kwa gundi na skrubu.

Tumeufikia mguu wa kati.

Kinachoamua kama mguu huo unaweza kutoka ni ile mbao ya mbele ya fremu, boriti inayopita juu ya milango. Nguvu ya boriti dhidi ya kupinda hufuata kimo chake kuliko unene wake, tena kwa kasi ambayo wengi hawaitarajii: kimo kikiwa maradufu, ukakamavu unakuwa mara nane. Nikapiga hesabu ya stendi yangu, ambayo miguu yake ya kona inaacha mwanya wa sentimita 110. Nusu ya mzigo, kilo 185, inalala kwenye boriti ya mbele. Boriti ikiwa mbao ya msaiprasi ya inchi 2 kwa 2, kama ilivyokuwa yangu, ukiondoa mguu wa kati ingepinda zaidi ya milimita 8. Ikiwa inchi 2 kwa 4, na ile inchi 4 imesimama wima, ingepinda milimita 1 hivi. Tofauti ya tangi kusimama na tangi kupasuka iko katika inchi mbili za mbao, na bei yake ni ndogo kuliko ya gundi utakayonunua kuziba kioo.

Ukipenda chuma, mafundi wa kuchomelea watakuuliza unataka skwea tyubu ya ngapi. Ya inchi 2 yenye unene wa milimita 2 inakaribia kuwa sawa na ile mbao ya 2 kwa 4. Ya inchi moja na nusu nyembamba, ambayo ndiyo inayopendwa kwa sababu inatumika kwenye mageti na madirisha, ina ukakamavu kama theluthi moja tu ya hiyo. Chuma kina faida kwamba kinachukua nafasi ndogo ya kimo, na mchwa hawakili. Lakini maungio yasagwe, yapakwe rangi ya kuzuia kutu kisha rangi ya mafuta, kwa sababu chini ya tangi hewa huwa na unyevu siku zote.

Basi je, niliukata ule mguu? Hapana, na wazo lilitoka kwa fundi mwenyewe baada ya kikombe cha pili. Alisema, "Kwani lazima ukae katikati?" Tukauhamisha. Tuliusogeza kando hadi upande mmoja ukabaki na mwanya wa sentimita 75 na mwingine na kichumba cha sentimita 30, kisha tukabadilisha boriti ya mbele na ya nyuma tukaweka za 2 kwa 4. Mwanya wa sentimita 75 badala ya 110 unapunguza mpindo hadi karibu robo ya ule wa mwanzo. Halafu tukaufunika mguu ule, mbele hadi nyuma, kwa ubao wa plaiwudi uliopakwa vanishi, ukawa ukuta. Upande mpana ni wa maji. Upande mwembamba ni wa umeme. Sijaona mpango unaoushinda huo kwa stendi ya ukubwa huu, na ndio ninaomshauri kila anayeniuliza.

Kazi yenyewe haifanywi tangi likiwa juu. Najua kuna wanaosukuma jeki ya gari chini ya fremu na kubadilisha mbao maji yakiwa ndani; kioo kinachoinuliwa kona moja kwa milimita chache tu kinaweza kupata ufa ambao hutauona mpaka usiku wa wiki ijayo. Mwaga maji. Samaki wakae kwenye pipa safi lenye maji yao ya zamani na pampu ya hewa, lifunikwe kwa wavu maana wanaruka. Sponji za filta zisikauke na zisioshwe kwa maji ya mfereji. Ziache zielee kwenye ndoo ya maji ya tangi, kwa sababu bakteria wanaosafisha maji wanaishi humo, na klorini au ukavu utawaua. Maji yale mengine yapeleke kwenye sukumawiki au migomba, yana mbolea.

Usiyamwage mtoni wala mtaroni, hasa kama yana mimea au vitoto vya samaki. Mto Migori unaingia Kuja, na Kuja inaingia Ziwa Viktoria. Ziwa letu limeshaumizwa na viumbe walioletwa na wanadamu. Mbuta, wanaoitwa sangara upande wa Tanzania, walipandikizwa kuanzia miaka ya 1950. Kufikia miaka ya 1980 walikuwa wametapakaa, na fulu, wale samaki wadogo ambao wanasayansi wanakadiria walikuwa zaidi ya aina 500, wakapoteza aina zinazokadiriwa kufikia 200 au zaidi. Gugu maji, ambalo asili yake ni Amerika Kusini na lilisambazwa duniani kwa sababu ya uzuri wa maua yake, likaonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980. Mmea mmoja wa pambo kutoka kwenye tangi la sebuleni hauonekani kuwa kitu, lakini gugu maji nalo lilianza likiwa pambo.

Nimewataja fulu kwa sababu wao ndio walionifanya niitafute nafasi hii chini ya tangi. Ukiwaona kwenye karai la mchuuzi pale Homa Bay, wamekwisha kufa na kupauka, hutajua dume huwaje akiwa hai: buluu, njano, wengine wekundu mgongoni kama kaa la moto. Jike hulea mayai na vitoto mdomoni mwake. Wazee wanaokaa Karungu na Muhuru bado wanawajua kwa majina ambayo watoto wetu hawajawahi kuyasikia. Nilitaka wanafunzi wangu wawaone wakiogelea. Anayetaka kuwafuga aanzie kwa maafisa wa uvuvi wa kaunti aulize juu ya kibali, kwani samaki wa ziwa wana sheria yao, ile ya uvuvi ya mwaka 2016. Fulu wanapigana, wanachimba mchanga, wanakula sana na kuchafua sana. Kifilta cha kubandika kiooni hakiwawezi. Uzuri ni kwamba hita huenda usiihitaji: maji ya ziwa kwa kawaida hayako mbali na nyuzi 25, na tangi la lita 270 hupoa polepole usiku hata huku Suna tulikoinuka kidogo kutoka ufukweni. Nunua kipimajoto kwanza, hita baadaye kama kipimajoto kitakuambia hivyo.

Turudi chini ya tangi. Kila kifaa unachotaka kukiweka, kipime mara mbili: chenyewe kilivyo, na chenyewe pamoja na mkono wako. Filta ya mtungi yenye kimo cha sentimita 40 inahitaji 55, kwa kuwa kifuniko chake hutoka kwa juu, na mipira yake ikibanwa na boriti itakunjika na maji yatapungua. Sampu inahitaji angalau sentimita 20 za hewa juu yake, ama sivyo utakuwa unasafisha sponji kwa ncha za vidole. Pima pia mlango. Nimeona sampu iliyojengwa ndani ya stendi kama mbao zinavyojengwa ndani ya nyumba. Siku kioo chake kilipovuja, ilibidi stendi ivunjwe. Sampu iweze kuingia na kutoka bila kugusa hata skrubu moja, tangi kubwa likiwa limejaa juu. Na ubao inaokalia ulale moja kwa moja sakafuni, usining'inie kwenye miguu.

Ya kwangu ina urefu wa sentimita 70, upana 35 na kimo 38. Inapofanya kazi, maji yake yanafika sentimita 22, na zile 16 zinazobaki juu, kama lita 39, zinaachwa tupu makusudi. Nafasi hiyo tupu ndiyo iliyonifunza somo ghali.

Stima ikipotea, pampu inasimama, lakini maji hayasimami. Yale ya tangi la juu yanaendelea kushuka mpaka yafike chini ya ukingo wa kumwagia, na mpira unaopandisha maji nao unageuka: unayafyonza na kuyarudisha chini hadi mdomo wake upate hewa. Kwenye tangi la 120 kwa 45, kila sentimita moja ya maji ni lita 5.4. Mimi nilikuwa nimepima ukingo vizuri, sentimita 3, lita 16, nikaridhika. Mdomo wa mpira wa kurudisha nilikuwa nimeuzamisha sentimita 9 chini ya uso wa maji ili usipige kelele. Jioni moja ya mvua na radi, stima ikapotea nikiwa kwenye mkutano wa wazazi. Sentimita 9 mara 5.4 ni karibu lita 49. Sampu ilikuwa na nafasi ya 39. Lita kumi zilitembea sebuleni, zikaingia chini ya kapeti na kwenye sanduku la vitabu, na kama ule ukuta wa kichumba cha umeme usingekuwepo zingeikuta ekstensheni imelala pale pale.

Marekebisho yalichukua dakika ishirini. Nilipandisha mdomo wa mpira hadi sentimita 2 chini ya uso wa maji, nikautoboa tundu dogo juu kidogo ya hapo, ili maji yakianza kushuka tundu livute hewa na kukata ule mvuto. Tundu hilo linaziba kwa mwani, kwa hiyo lisafishe kila unapobadilisha maji, na usilitegemee peke yake. Kimo cha mdomo ndicho kinga ya kweli.

Pampu ya hewa ina ubaya uleule. Ikikaa kabatini, chini ya uso wa maji, na stima ikatoweka, maji yanaweza kurudi kupitia kale kampira kembamba hadi ndani ya pampu, na kutoka hapo hadi kwenye soketi. Weka vali ya kuzuia maji kurudi, kile kidude cha plastiki cha bei ndogo, au itundike pampu juu kuliko maji. Mimi nimefanya yote mawili.

Filta ya mtungi ina tabia yake nyingine. Imefungwa kabisa, na wale bakteria wanaosafisha maji wanahitaji hewa. Ikikaa saa kadhaa bila maji kupita, wanaanza kufa humo ndani na maji yananuka. Stima ikirudi baada ya muda mrefu, usiiache ijiwashe na kuumwaga uozo huo kwenye tangi. Ifungue kwanza, mwaga maji yaliyomo, suuza sponji kwa maji ya tangi, kisha uiwashe. Sampu iliyo wazi huvumilia zaidi. Kwa maeneo yetu ambako mawingu ya jioni yakikusanyika juu ya ziwa kila mtu anatafuta tochi, mimi ningechagua sampu, ingawa kuijenga kuna kazi zaidi.

Wengi wetu tuna betri za sola nyumbani, na kuna ushawishi wa kuiingiza moja kabatini. Betri ya volti 12 yenye saa-ampea 7 inaweza kuendesha pampu ndogo ya hewa ya wati 5 kwa saa 8 hivi bila kuimaliza kabisa, na hewa peke yake inatosha kuwavusha samaki usiku. Lakini betri ya maji ya asidi ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka kwa cheche. Isikae ndani ya kabati lililofungwa pamoja na plagi. Iweke nje, upitishe waya.

Kuhusu umeme wenyewe sitasema mengi, kwa sababu sheria zake ni chache na hazina mjadala. Volti 240 na maji hazisameheani. Ekstensheni ikazwe juu kwenye ukuta wa kichumba, isilale sakafuni. Kila waya unaotoka kwenye maji ushuke kwanza chini ya kiwango cha soketi, kisha upande kuelekea kwenye plagi, ili tone linaloteleza juu ya waya lidondoke chini kabla halijafika kwenye umeme. Kabla ya kuingiza mkono majini, chomoa. Na mwombe fundi wa umeme aweke ile swichi inayokata stima yenyewe ikihisi inavuja kwenda ardhini. Kama una fedha ya kitu kimoja tu baada ya mbao, iwe hiyo.

Ukinunua pampu ya sampu, soma kimo kilichoandikwa kwenye boksi kwa uangalifu. Hicho ni kimo ambacho maji husimama kabisa, hayatoki hata tone. Kwangu maji yanapanda zaidi kidogo ya mita moja kutoka kwenye sampu hadi kileleni mwa tangi. Pampu ya kimo cha mita 1.5 ingenipa sehemu ndogo tu ya lita zilizoandikwa. Niliichukua ya mita 3, na sampu ilianza kufanya kazi kama nilivyoitarajia.

Kabla ya kurudisha tangi, weka sawa sakafu. Sakafu zetu za saruji huteremka kuelekea mlangoni ili maji ya kupiga deki yatoke, na mteremko huo haujali stendi yako. Mwombe mwashi mpira wake wa plastiki angavu uliojazwa maji, uulinganishe kwenye kona zote nne. Pimamaji fupi hudanganya. Tofauti ikizidi milimita 2 au 3, ingiza vipande vya chuma bapa au plastiki ngumu chini ya miguu, kadibodi hapana. Tangi lisilo na fremu yake ya plastiki lilazwe juu ya povu jembamba linalofunika sehemu nzima.

Mbao mpya zipakwe vanishi pande zote, pamoja na ndani ya matundu uliyotoboa, kwa kuwa plaiwudi hunywa maji kwa ukingo. Miguu ikae juu ya vibao vya plastiki, uichunguze kila mwezi kwa ajili ya mchwa. Dawa ya mchwa usiipulizie kabisa karibu na tangi, itaua samaki. Vanishi na rangi ziachwe zikauke wiki moja au mbili, milango ikiwa wazi, mpaka harufu iishe, na silikoni utakayotumia kuziba iwe isiyo na dawa ya kuvu. Toboa matundu ya hewa juu na chini ya milango, na sampu uifunike kwa kioo au plastiki, ama sivyo bawaba zitashika kutu kabla mwaka haujaisha.

Halafu jaza maji kwa hatua. Robo, subiri saa moja, pima boriti kwa uzi uliovutwa kona hadi kona. Nusu, pima tena. Ukijaza, liache tangi lilale usiku kucha bila samaki. Mimi, baada ya yale marekebisho ya mpira, nilibandika kipande cha karatasi ya gundi kwenye sampu pale ambapo hesabu ilisema maji yatasimama, kwenye sentimita 29, kisha nikamwita fundi aje ashuhudie. Nikaenda kwenye swichi kuu, nikazima. Nyumba ikanyamaza. Maji yakashuka juu, yakapanda chini, tukimulika kwa tochi ya simu, yakakoroma mara moja pale tundu lilipovuta hewa, yakaja polepole hadi kwenye ile karatasi, yakasimama. "Mwalimu," fundi akasema, bado amechuchumaa, "sasa walete hao fulu."